Android au iPhone: Nani Atazifungua Sauti za Wazee Wetu?

Katika ukoo wetu mimi ndiye ninayeletewa simu. Ikijaa, ikigoma au ikinunuliwa mpya, huletwa kwangu, na pamoja nayo huja swali lile lile: "Ipi bora, Android au iPhone?" Huniuliza vijana wa hapa Maskati, huniuliza mashangazi, na huulizwa kwa ujumbe wa sauti kutoka Unguja na Mombasa. Mara nyingi anayeuliza anataka kusikia habari za kamera, betri na bei. Hayo yana umuhimu wake. Lakini kwa watu kama sisi, ambao jamaa zetu wametawanyika baina ya Omani, Zanzibar, Dubai na Uingereza, lipo jambo zito zaidi ambalo muuza duka hatalitaja.

Zamani mambo ya ukoo yalikaa ndani ya sanduku. Hati za shamba, barua, pasi za kusafiria na picha za studio zilifungiwa humo, na kila mtu nyumbani alijua ufunguo uko kwa nani. Leo sehemu kubwa ya mambo hayo imo ndani ya simu. Sauti ya bibi akieleza nani alimwoa nani, picha ya babu iliyonakiliwa kutoka albamu iliyochakaa, mazungumzo ya kundi la ukoo yanayomtaja kila aliyezaliwa na kila aliyefariki, yote yamo humo. Kwa hivyo mimi nikilinganisha mifumo ya simu huanza na hili: mfumo huu utaitunza amana hiyo kwa muda gani, na nani ataweza kulifungua sanduku siku mwenyewe asipokuwepo?

Mifumo yenyewe

Mfumo wa uendeshaji ni ile programu kuu inayoamsha simu, kuonyesha kioo, kulinda mafaili na kuziruhusu programu nyingine zifanye kazi. Simu ni nyumba, na mfumo ndio msingi, milango na makufuli yake.

Apple ilitangaza iPhone ya kwanza Januari 2007. Mfumo wake, unaoitwa iOS, unapatikana kwenye simu za Apple tu. Kampuni moja hutengeneza simu, mfumo na duka la programu.

Android ilinunuliwa na Google mwaka 2005 ikiwa bado kampuni changa, na simu ya kwanza kuitumia ikatoka mwaka 2008. Google huitoa kwa watengenezaji wengi: Samsung, Xiaomi, Oppo, Tecno, Infinix na wengineo. Ndiyo maana simu za Android zipo za kila bei, na takriban simu saba katika kila kumi duniani hutumia mfumo huo.

Wapo pia watu wa Ghuba wenye simu za Huawei. Baada ya vikwazo vya Marekani vya Mei 2019, simu mpya za kampuni hiyo zilianza kutoka bila huduma za Google, yaani bila duka lake la programu wala ramani zake. Huawei ikalikuza duka lake, AppGallery, na kutoa mfumo wake, HarmonyOS. Simu hizo ni imara na kamera zake nzuri, lakini anayezinunua ajue kwamba picha zake hazitajipeleka kwenye Google kama alivyozoea.

Umri wa mfumo

Watu wa rika langu waliokuwa Ghuba miaka ya 2010 wanaikumbuka BlackBerry. Kila kijana alikuwa na namba yake ya BBM, na mwaka 2010, serikali ya Imarati ilipotangaza kuwa itazisimamisha huduma za simu hizo, habari ilizungumzwa kila nyumba hadi mzozo ulipomalizwa. Nani angesema wakati ule kwamba BlackBerry itakufa? Lakini WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye mfumo huo mwishoni mwa 2017, BBM ya watu wa kawaida ikafungwa Mei 2019, na tarehe 4 Januari 2022 kampuni ikazima huduma za simu zake za zamani. Nokia za Symbian na simu za Windows nazo zilikwenda njia hiyo hiyo. Aliyekuwa na salamu za marehemu baba yake humo na hakuzitoa mapema, zimepotea.

Kwa hivyo umri ni jambo la kuuliza dukani: simu hii itapata masasisho ya usalama kwa miaka mingapi? Bila masasisho simu huendelea kuwaka, lakini milango yake hubaki wazi kwa wezi, na baada ya muda programu muhimu huikataa. Tangu Mei 2025, WhatsApp inahitaji iOS 15.1 au zaidi, kwa hivyo iPhone 5s na iPhone 6 zimebaki nje.

Kwa miaka mingi iPhone ilishinda wazi katika jambo hili. iPhone 5s iliyotoka mwaka 2013 ilipata sasisho la usalama hata Januari 2023. Simu nyingi za Android zilikuwa zikiachwa baada ya miaka miwili au mitatu. Hali hiyo imebadilika. Google iliahidi miaka 7 ya masasisho kwa Pixel 8 mwaka 2023, na Samsung ikaahidi miaka 7 kwa Galaxy S24 mwaka 2024. Hata Galaxy A16, ambayo ni ya bei nafuu, iliahidiwa miaka 6. Lakini ahadi hizo si za Android nzima, ni za kampuni na za aina ya simu. Zipo Android za bei ya chini ambazo hazina ahadi yoyote ya maana. Ukiwa na bajeti ndogo, bora Android ya kawaida yenye ahadi ndefu kuliko yenye kamera nne isiyo na ahadi.

Lugha ya mzee

Hapa Android imetangulia mbali. Simu ya Android inaweza kuwekwa yote kwa Kiswahili: menyu, maonyo, saa na kalenda. Kibodi ya Google inakijua Kiswahili, na tangu 2017 Google imewezesha kuandika kwa kusema kwa lugha yetu. Mzee asiyeona vizuri herufi ndogo hubonyeza alama ya maikrofoni, akasema anachotaka, na maneno yakajiandika.

iPhone ina Kiarabu kizuri, na kibodi ya Kiswahili unaweza kuiongeza. Lakini menyu zake haziji kwa Kiswahili. Kijana aliyesoma shule za Omani hilo halimsumbui, maana ana Kiarabu na Kiingereza. Shangazi yangu aliyekulia Unguja, ambaye Kiarabu chake ni cha kusomea zaidi kuliko cha kuendeshea simu, linamsumbua sana. Kila onyo likitokea kwenye kioo hubonyeza lolote ili liondoke, na humo ndimo mafaili yanamofutika.

Faida ya iPhone kwa wazee ni kwamba mpangilio wake haubadiliki sana kutoka simu moja hadi nyingine. Ukimfundisha leo, simu ijayo ataijua. Android ya Samsung na Android ya Xiaomi zina menyu zilizopangwa tofauti, na mzee akihama kampuni huanza kujifunza upya.

Laini mbili

Wengi wetu tuna maisha ya laini mbili: ya Omantel au Ooredoo kwa hapa, na ya Tanzania au Kenya kwa ajili ya jamaa na kutuma fedha. Android zilizoea kubeba kadi mbili zamani. iPhone ilianza laini mbili mwaka 2018, kadi moja na laini moja ya kielektroniki iitwayo eSIM, ambayo haina kadi bali husajiliwa ndani ya simu yenyewe.

Jambo jipya ambalo wanunuzi wa hapa walijue: iPhone 17 zinazouzwa Omani, Imarati, Saudia, Kuwait, Qatar na Bahrain, kuanzia 2025, hazina tundu la kadi kabisa. Ni eSIM tu. Kwa mkaazi wa Maskati hilo si tatizo kubwa. Lakini tuna desturi ya kununua simu hapa na kumpelekea mpwa au mama mkwe Zanzibar. Kabla ya kununua, mwambie anayepelekewa aulize kampuni yake ya simu kama inatoa eSIM kwa aina hiyo ya simu na lazima aende ofisi gani. Laini za Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole, kwa hivyo huwezi kumfanyia wewe kutoka huku.

Huduma za fedha zenyewe hazichagui mfumo. Anayebonyeza *150*00# kwa M-Pesa ya Vodacom Tanzania ataipata menyu kwenye Android, kwenye iPhone, na hata kwenye simu ndogo ya vitufe. Inayohitajika ni laini. Bila laini iliyo hai ndani ya simu, ile iPhone ya thamani haitapokea hata shilingi elfu.

Kufuli na madirisha

Android ni nyumba yenye madirisha mengi. Ukiiunganisha na kompyuta kwa waya utaona mafolda: picha mahala pake, ujumbe wa sauti wa WhatsApp mahala pake. Unanakili kama unavyonakili kwenye diski ya kawaida. Kwa anayekusanya historia ya ukoo, uhuru huu una thamani kubwa.

Lakini dirisha humwingiza mwizi pia. Android inaruhusu kuweka programu kutoka nje ya duka rasmi, kwa faili la aina ya APK. Matapeli hutuma mafaili hayo kwa WhatsApp yakijifanya kadi ya mwaliko wa harusi au taarifa ya benki. Ukilikubali, mwenye faili anaweza kusoma ujumbe wako na namba za siri za benki. Wazee wenu waambieni neno moja: kadi ya harusi ni picha, haiombi ruhusa ya kuwekwa kwenye simu.

iPhone ni nyumba yenye mlango mmoja. Kwa huku kwetu programu huingia kwa njia ya duka la Apple tu, na hila ya APK haifanyi kazi. Gharama yake ni kwamba hata wewe mwenyewe unabanwa. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp hauonekani kama folda. Lazima utumie amri ya kutoa mazungumzo yaliyomo ndani ya WhatsApp, mazungumzo mamoja kwa mamoja. Na picha, tangu 2017, iPhone huzihifadhi kwa muundo wa HEIC ambao kompyuta nyingine haziufungui. Unaweza kubadilisha kwenye mipangilio ya kamera ili zihifadhiwe kama JPEG.

Kila mfumo una kufuli la wizi pia. iPhone tangu 2013, na Android tangu 2015, hukataa kutumika hata baada ya kufutwa mpaka akaunti ya mwenyewe ijulikane. Kwa hivyo unapompelekea mtu simu yako ya zamani, ondoa kwanza akaunti yako ya Apple au ya Google, kisha ndiyo ufute. Nimeletewa zaidi ya simu moja iliyovuka bahari kama zawadi ikafika imefungwa, na mtoaji hakumbuki neno la siri. Simu hiyo ni kipande cha kioo tu.

Kuhama kutoka mfumo mmoja hadi mwingine

Hapa ndipo sauti nyingi zinapopotea. Nakala ya akiba ya WhatsApp ya Android huwekwa Google Drive. Ya iPhone huwekwa iCloud. Nakala hizo hazifahamiani. Mwenye Android akinunua iPhone, akaweka namba yake na kutarajia mazungumzo yarudi kutoka Google, hayatarudi.

Njia ipo, lakini ina masharti. Kutoka Android kwenda iPhone, tangu 2022, unatumia programu ya Apple iitwayo Move to iOS, na iPhone lazima iwe mpya au imefutwa kabisa, maana kuhama hufanyika wakati wa kuiwasha mara ya kwanza. Kutoka iPhone kwenda Android, tangu 2021, unaunganisha simu mbili kwa waya wakati wa kuiandaa Android, na Android iwe ya toleo la karibuni. Namba ya simu iwe ile ile. Muhimu kuliko yote, simu ya zamani usiiuze wala usiifute mpaka uhakikishe mazungumzo yamefika, na usikilize sauti mbili tatu za zamani kwa masikio yako.

Nafasi nayo ina hesabu yake. Google hutoa gigabaiti 15 bure na Apple gigabaiti 5. Nakala za WhatsApp za Android sasa nazo huhesabiwa ndani ya zile 15. Nafasi ikijaa, akiba husimama kimya kimya, na watu wengi hulipuuza onyo lake. Angalia tarehe ya mwisho ya akiba yako leo, utashangaa.

Mirathi ya simu

Katika familia zetu mtu akifariki, kila kitu chake kina utaratibu: deni, nyumba, nguo. Simu mara nyingi huachwa kwenye droo, kwa kuwa hakuna anayejua namba ya kuifungulia. Baadaye laini hukatwa, na kampuni huweza kumpa namba hiyo mtu mwingine. Akaunti ya WhatsApp isiyotumika hufutwa baada ya takriban siku 120. Na Google ilitangaza mwaka 2023 kuwa akaunti isiyoguswa kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na picha zake. Hayo yote hutokea wakati wafiwa bado hawajapata moyo wa kuigusa simu.

Mifumo yote miwili imeweka njia, ila lazima mwenyewe aipange akiwa hai. Apple inaiita Legacy Contact, tangu Desemba 2021: unamchagua mtu, anapewa ufunguo, na baada ya kifo anawasilisha ufunguo huo pamoja na cheti cha kifo. Ataona picha, ujumbe na akiba, lakini hataona maneno ya siri uliyohifadhi. Google inaiita Inactive Account Manager: unasema akaunti ikikaa kimya miezi 3, 6, 12 au 18, watu uliowataja, hadi 10, wapewe unachotaka wapewe. Njia ya Apple ni nzuri kwa kuwa haingoji miezi kupita. Ya Google ni nzuri kwa kuwa haidai cheti, jambo lenye nafuu kwa familia ambayo cheti kimetolewa nchi moja na warithi wako nchi nyingine.

Basi ninunue ipi?

Jibu langu hutegemea anayeuliza. Mzee anayetumia Kiswahili, mwenye laini mbili, namshauri Android ya kampuni iliyoahidi masasisho ya miaka 6 au 7, iwekwe Kiswahili, na mtoto mmoja awe msimamizi wa akaunti yake. Mtu asiyetaka kushughulika na mipangilio, anayeogopa matapeli, na ambaye nyumba nzima wana iPhone, abaki na iPhone. Anayekusanya sauti na picha za ukoo, Android itamrahisishia kazi, kwa sababu mafaili yake yanashikika. Na asiye na haja ya kuhama asihame kwa sababu ya tangazo. Kila kuhama ni mzigo unaovuka bahari, na kila safari ina kinachoanguka.

Lakini mfumo wowote utakaouchagua, usiuachie peke yake sauti za wazee. Mara moja kila mwaka, Ramadhani au wakati wa likizo watoto wakiwa nyumbani, toeni sauti na picha muhimu mziweke kwenye diski mbili. Moja ibaki Maskati, nyingine iende kwa jamaa wa Unguja au wa London. Kila faili lipewe jina la anayesema, mwaka na mahali, kwa sababu baada ya miaka thelathini hakuna atakayeitambua sauti isiyo na jina. Kisha andikeni kwenye karatasi nani anaujua ufunguo, na karatasi hiyo iwekwe zinapowekwa hati za nyumba.